Weka Kwa Friza: Historia ya Dawa za Diski Inayokufa

Uliza watu watano Nairobi ufanye nini diski ya kompyuta ya mezani ikianza kugonga, na utarudi nyumbani na dawa saba. Ipige kofi ubavuni. Izungushe haraka mkononi kama mtu anayepambana na kifuniko kilichokataa kufunguka. Ifunge kwa plastiki uiweke kwa friza usiku mzima. Badilisha bodi. Ifomati. Ifomati tena, lakini ile fomati ya chini kabisa, si hii ya Windows. Na ya saba, ambayo hutolewa na mtu aliyewahi kupoteza picha za harusi: omba.

Wajuaji wa kompyuta huzicheka hizi dawa na kuziita ushirikina. Mimi sikubali. Nilikuwa nasoma historia chuoni kabla karo haijanitoa mwaka wa pili, na kama kuna kitu nilitoka nacho mle ni hii tabia ya kuuliza: jambo hili lilianza lini, na lilikuwa kweli kwa nani? Nimefuatilia dawa hizi moja baada ya nyingine, na ukiacha ile ya saba, kila moja ina mwaka wake na diski yake. Kuna mtu mahali fulani aliyepiga diski kofi na ikaamka kweli. Shida ni kwamba diski zilibadilika, dawa zikabaki vilevile.

Tuanze kabla ya dawa. Diski ya kwanza ya kompyuta ilitangazwa na IBM mnamo Septemba 1956. Ilibuniwa San Jose, California, na kikundi kilichoongozwa na Reynold Johnson, jamaa aliyekuwa mwalimu wa shule ya upili kabla ya kuajiriwa IBM. Kompyuta yenyewe iliitwa 305 RAMAC. Kabati lake la diski lilikuwa na sahani 50 za alumini, kila moja upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito ulipita tani moja. Na mzigo wote huo ulibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako ingekaribia kulijaza kabati zima.

Ndani yake kulikuwa na wazo ambalo halijabadilika hadi leo: kichwa kinachosoma hakigusi sahani. Kwa RAMAC, kompresa ilisukuma hewa ili kichwa kielee juu kidogo. Siku hizi hewa huburutwa na sahani yenyewe inavyozunguka, na kichwa huelea kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ndani ya diski hakuna hewa, mwambie polepole kwamba bila hewa kichwa kingeanguka. (Kuna diski za heli, ndiyo, tangu 2013. Lakini hata heli ni gesi.)

Kitu ninachokipenda kwenye hadithi ya RAMAC, hata hivyo, si ufundi. Ni kodi. Kampuni hazikuinunua mashine hii, zilikodi kwa karibu dola 3,200 kwa mwezi. Ikikohoa, anakuja fundi wa IBM amevaa tai. Hakuna karani aliyethubutu kuipiga kofi mali ya IBM. Ugonjwa wa diski ulikuwa shida ya mwenye diski, na mwenye diski hakuwa wewe.

Mambo yalianza kubadilika 1973, IBM ilipotoa diski aina ya 3340. Ndani ya kampuni iliitwa Winchester, kwa sababu mpango wa awali ulikuwa sehemu mbili za megabaiti 30 kila moja, na kuna bunduki ya Winchester iitwayo 30-30. Kiongozi wake, Ken Haughton, alikubali maamuzi mawili ambayo yanatuhusu. La kwanza, vichwa na sahani vilifungiwa pamoja kwenye kasha moja, vumbi lisiingie. La pili, diski ikizimwa, vichwa viliachwa vitue juu ya sahani yenyewe, na sahani ikapakwa mafuta mepesi ili visikwaruze. Kumbuka hayo mafuta.

Halafu akaja Al Shugart. Alianza kazi IBM mwaka 1951 kama fundi wa kuzunguka kwa wateja, akafanyia kazi RAMAC, akahama, akaanzisha kampuni yake, akatolewa kwenye hiyo kampuni iliyobeba jina lake, akafungua baa na kununua mashua ya kuvua samaki. Mwaka 1979 alirudi uwanjani na mwenzake Finis Conner, wakaanzisha kampuni ambayo leo tunaiita Seagate. Mwaka 1980 wakatoa ST-506: megabaiti 5, dola 1,500, saizi ya kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. (Ni huyuhuyu Shugart ambaye 1996 alitaka mbwa wake agombee kiti cha Bunge la Marekani. Hiyo ni makala nyingine.)

Hapo ndipo tiba za kienyeji zilizaliwa. Mzigo ambao 1956 ulihitaji kabati la tani moja sasa uliingia kwenye boksi chini ya meza ya mhasibu, na yule fundi wa tai hakuja nao. Diski imekufa Ijumaa jioni, iko ofisini kwako, data ni yako, na hakuna mtu wa kupigia simu. Mtu yeyote katika hali hiyo atajaribu kitu. Na kitakachofanya kazi mara moja kitasimuliwa mara elfu.

Kofi sasa. Kadiri sahani inavyokuwa laini, ndivyo kichwa kinavyoweza kuelea karibu zaidi na data nyingi zaidi ikaingia. Kwa hivyo watengenezaji wakazidi kuzilainisha. Lakini chukua sufuria mbili laini, ziingize moja ndani ya nyingine zikiwa na maji katikati, ziache hadi kesho. Unajua kinachotokea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, hilo lilikuwa likitokea ndani ya diski: kompyuta inazimwa, vichwa vinatua kwenye sahani laini yenye mafuta, na baada ya wikendi vinakuwa vimenata. Ukiwasha Jumatatu, mota inavuta, inavuta, haina nguvu ya kuvibandua. Kimya. Ukiitoa diski na kuizungusha kwa mkono ghafla, au kuigonga ubavuni kwa kiasi, vichwa vinabanduka, sahani inaanza kuzunguka, na faili zako zote ziko palepale. Watu waliokoa kazi ya miaka kwa kofi moja. Sio hadithi, wahandisi wenyewe walikuwa na jina la ugonjwa huo.

Kisha watengenezaji wakautibu. Katikati ya miaka ya 1990 wakaanza kukwaruza kwa leza kaeneo kadogo ambapo vichwa vinatua, ili visinate. Baadaye wakaviondoa kabisa juu ya sahani: leo vichwa vingi hupanda kwenye ngazi ndogo ya plastiki iliyo pembeni na kulala hapo. Diski ya aina hiyo haina mnato wa kuvunjwa. Ukiipiga kofi unampiga mgonjwa wa figo kwa sababu babu yako alipigwa mgongoni na kikohozi kikaisha.

Mjadala huu wote ulinifikia kupitia saiba moja mtaani kwetu, Eastlands, ambapo mimi huandikia. Nasaidia wateja wenye fomu za ushuru na CV, napewa kiti na intaneti. Mwenye saiba ni mama wa miaka hamsini na kitu. Kompyuta yake kuu, ile iliyounganishwa na printa, aliinunua mjini mwaka 2014 ikiwa imetoka Uingereza, ikiwa na diski ya gigabaiti 320. Kwa watu wa nje hilo ni boksi la kijivu tu. Kwa mtaa, pale ndipo wafu wetu wamehifadhiwa. Mtu akifariki, familia inakuja pale na karatasi za mkono na picha tatu kwa simu, na mama anawapangia programu ya mazishi: wasifu wa marehemu, wake, watoto, wajukuu, ratiba, nyimbo. Miaka tisa ya programu za mazishi kwenye folda moja. Karatasi zenyewe hupotea, si unajua, zinafunga vitu sokoni, zinakaa chini ya godoro zikaliwa na panya. Folda ilibaki.

Na wiki ileile diski ilipoanza kugonga, dada mmoja alikuwa amekuja kuulizia programu ya 2016. Baba yake. Kulikuwa na kesi ya urithi, shamba, na upande wa pili wa familia ulikuwa umesema mama yake hakuwahi kuwa mke. "Kwa programu walimwandika," akasema. "Ilisomwa mbele ya watu." Mama wa saiba akamkumbuka. Akakumbuka pia kwamba programu ile iliandikwa mara mbili, kwa sababu wajomba walirudi jioni kabla ya mazishi wakataka mabadiliko.

Kompyuta ikawa inachukua dakika kumi na tano kufunguka. Halafu mlio: tak, tak, tak, kimya, tak. Mlio huo una maana maalum. Kwenye sahani kuna alama zilizoandikwa kiwandani za kukielekeza kichwa kiko wapi. Kichwa kikishindwa kuziona, mkono wake hurudi nyuma hadi mwisho na kuanza upya. Hiyo "tak" ni kichwa kilichopotea njia kikirudi stendi.

Tulimpelekea fundi, ghorofani kando ya Luthuli Avenue. Mzee anayejua kazi yake, nakwambia ukweli. Akaiweka sikioni kama daktari.

"Boss, hii inataka friza."

Dawa ya friza ina ukoo wake pia. Zamani ekseli ya sahani ilizungukia beringi za gololi, kama za baiskeli. Zikichakaa au kupanuka kwa joto, mota hushindwa. Baridi hukaza na kusinyaza chuma, na kuna diski zilizopata dakika ishirini za mwisho kwa njia hiyo, dakika za kutosha kunakili faili muhimu. Kuanzia miaka ya 2000 beringi za gololi zikaondolewa, zikawekwa za mafuta. Baridi haina cha kukaza tena. Inachofanya ni kingine. Diski ya kawaida haijazibwa kabisa: angalia juu yake, kuna katundu kadogo kenye maandishi ya kukuonya usikazibe. Ni ka kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Ukiitoa diski kwa friza na kuileta kwa hewa ya Nairobi, unyevu unaganda kwenye chuma baridi, ndani na nje. Tone dogo kabisa la maji, kwa kichwa kinachoelea nanomita chache, ni mlima. Na Mombasa usijaribu hata kuifikiria.

Nikamwambia fundi hivyo, kwa heshima. Hakukasirika. Akasema basi tubadilishe bodi.

Hii ndiyo dawa ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu bado inaponya, ila kwa wagonjwa wachache. Bodi ni ile kadi ya kijani iliyo chini ya diski. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, na mtaani kwetu hurudi hivyo, kadi inaweza kuungua huku sahani zikiwa nzima kabisa. Zamani ulitafuta diski ya modeli ileile, ukafungua skrubu, ukahamisha bodi, kazi imekwisha. Fundi ana droo nzima ya bodi kama hizo, zimepangwa kwa namba. Lakini kadiri data ilivyozidi kubanwa, viwanda vilianza kuipima kila diski peke yake na kuandika vipimo vyake kwenye kichipu cha bodi hiyohiyo. Leo bodi ya diski nyingine, hata ya modeli moja, mara nyingi inakuja na vipimo vya mwili mwingine. Lazima uhamishe kile kichipu pia, kwa pasi ya kulehemu na mkono usiotetemeka. Fundi huyu anaweza. Kuna hata ujanja mwingine anaoujua: kwenye bodi nyingi kuna vijidiodi vya ulinzi ambavyo hujitoa kafara stima ikizidi. Vikiungua hufunga njia na diski hulala kimya. Ukikikata kilichoungua, diski huamka, bila ulinzi, muda wa kutosha kunakili.

Ila yetu haikuwa kimya. Ilikuwa inazunguka na kugonga. Bodi ilikuwa nzima.

Dawa ya tano na ya sita zina historia ya ajabu kuliko zote, na ndizo zilizoua data nyingi zaidi. Diski za enzi ya ST-506 ziliposogeza kichwa chake zilitumia mota ya hatua, ambayo haikuangalia ilipofika, ilihesabu tu hatua. Miezi ikipita, chuma kikipanuka na kusinyaa, kichwa na njia zilizoandikwa viliachana kidogo kidogo hadi makosa yakajaa. Dawa yake halali kabisa, iliyoandikwa hata kwenye maelekezo ya watengenezaji, ilikuwa kunakili data pembeni na kuichora sahani upya tangu chini. Kwenye DOS watu walifungua programu ya DEBUG na kuandika g=c800:5, herufi chache zilizokaririwa kama namba ya simu ya mpenzi. Diski ikatoka ikiwa kama mpya.

Zaidi ya hayo, kasoro hazikufichwa. Diski nyingi za wakati huo zilikuja na kibandiko juu chenye orodha ya sehemu mbovu tangu kiwandani, kichwa namba fulani, silinda namba fulani, na ukiichora upya ulizichapa moja moja kwa mkono ili zisitumike. Ulikuwa unanunua kifaa pamoja na ripoti yake ya hospitali.

Kuanzia 1986 hivi, akili ya kuendesha diski ikahamia ndani ya diski yenyewe. Njia zikachorwa kiwandani kwa vifaa ambavyo wewe huna. Fomati ya chini kabisa haikuwepo tena kwa mtu wa nyumbani. Kilichobaki na jina hilo ni kufuta tu, kujaza sifuri. Na kile kibandiko kikatoweka. Sehemu mbovu bado zipo kwenye kila diski inayotoka kiwandani, ila sasa diski inazificha, na ina akiba ya sehemu za kuzibadilisha kimyakimya bila kukuambia. Kwa nje unaona uso laini. Nadhani hapa ndipo ujuzi wa mtaani uliachwa nyuma: dawa zote zilitegemea kuuona ugonjwa au kuusikia, na diski ilijifunza kuuficha.

Wahandisi walijua hatari hiyo. Mwaka 1992 IBM ikaanza kuziwekea diski zake njia ya kujisemea, na 1995 Compaq ikapeleka wazo kama hilo kwenye tasnia nzima, likawa SMART: daftari la siri ndani ya diski lenye hesabu ya makosa, joto, saa za kazi. Mwaka 2007 wahandisi watatu wa Google wakachapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Mambo mawili yananikaa kichwani. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini pia, asilimia 36 ya zilizokufa zilikufa bila kuandika kosa lolote kwenye daftari. Yaani zaidi ya theluthi moja zilikwenda bila hata kikohozi.

Yetu ilikohoa. Niliiwasha kwa Linux ya kwenye flashi ili Windows isiiguse, nikasoma daftari lake. Saa za kazi: 61,000 na ushee. Saiba hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, saa 13 kwa siku. Kwa miaka tisa hiyo ni kama saa 42,000. Kwa hivyo tuliinunua ikiwa tayari imefanya kazi saa 19,000 kwenye ofisi fulani ya Uingereza. Muuzaji alikuwa amemwambia mama iko kama mpya. Sekta zinazosubiri kubadilishwa: 212. Asubuhi iliyofuata: 640.

Fundi alitaka tuendeshe programu ya Windows ya kurekebisha diski. Ni dawa ya 1993 na kitu, enzi ya ScanDisk. Waliosoma kwenye maabara za kompyuta za shule wanaikumbuka ile skrini ya buluu kila stima ilipopotea. Ile hurekebisha orodha ya faili, haiponyi chuma. Kwa diski inayokufa, ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo ili umpime.

Tulichofanya ni kunakili, kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo Mhispania Antonio Diaz Diaz aliitoa bure mwaka 2004. Akili yake ni ya mtu aliyewahi kuokoa vitu kwenye nyumba inayoungua. Haing'ang'ani mlango uliofungwa. Inapita mara ya kwanza na kuchukua kila kinachosomeka kwa urahisi, ikikutana na sehemu mbovu inairuka na kuiandika kwenye ramani. Baadaye ndipo inarudi kwenye yale mashimo, ikiyala kutoka pembeni, sekta moja moja. Stima ikipotea, ramani inajua ilipofika. Mama alinunua diski nyingine iliyotumika, shilingi 2,000, tukaielekezea huko. Usiku tatu. Mchana tuliizima ipoe, na yeye akawaandikia wateja "kompyuta mbovu" kwa kadibodi.

Kabla hatujaona matokeo, fundi alinikumbusha hadithi anayoipenda, nami niliithibitisha baadaye. Chombo cha anga cha Columbia kilivunjika kikirudi duniani Februari 2003. Kwenye mabaki ilipatikana diski ya megabaiti 340, imeungua, pembeni imeyeyuka. Kampuni ya kuokoa data huko Minnesota ilitoa asilimia 99 ya kilichokuwemo, na jaribio la kisayansi lililohifadhiwa mle likachapishwa 2008. Sababu mojawapo ni DOS. Mfumo ule mkongwe uliandika data kwa mpangilio, upande mmoja, haukuitawanya. Diski ilikuwa imejaa nusu tu, na mikwaruzo iliangukia nusu tupu.

Kwetu ziliachwa bila kusomeka gigabaiti moja na kidogo, kati ya 320. Inasikika kama kidogo. Inategemea ni wapi. Video za harusi ziliumia sana, kwa sababu video ya gigabaiti nne imelala juu ya mamilioni ya sekta na shimo lazima litaipata. Wasifu wa marehemu ni faili ndogo, sekta sitini, mia moja. Nyingi zilipita katikati ya mashimo bila kuguswa. Kati ya familia zaidi ya mia nne, tulipoteza kumi na moja.

Ya yule mzee wa 2016 ilikuwa na faili mbili. "MZEE FINAL" na "MZEE FINAL FINAL". Ya pili ilifunguka vizuri, safi, na picha zake. Ina mke mmoja. Ya kwanza ilikuwa na shimo la sekta nane, na Word ikakataa kuifungua.

Ila mama wa saiba hajawahi kubadilisha Word yake ya 2003. Faili za siku hizi, za kuanzia 2007, hufungwa kwa kubanwa, na shimo dogo tu laweza kuharibu mfuko wote. Zile za kale, za .doc, huweka maneno yake wazi ndani, kama nguo kwenye beseni. Nikaifungua kwa Notepad. Kurasa za takataka, miraba na alama, na katikati yake sentensi nzima nzima za Kiswahili cha msibani. Aliyezaliwa. Aliyesomea. Kisha: "ameacha wajane wawili", na majina yote mawili, na watoto wa kila mmoja hadi pale shimo lilipoanza, katikati ya jina la mtoto wa nne.

Dada yule alisoma akiwa amesimama. Akauliza kama mtoto wa nne angeweza kuandikwa palipokatika, kwa sababu ndiye yeye. Mama wa saiba akasema hapana, tutachapisha ilivyo, na takataka zake zote, na tarehe ya faili juu. Kurasa sita, shilingi kumi kwa ukurasa. Alilipa sitini, akaziweka kwa bahasha ya kaki. Kesi bado iko kortini.

Diski yenyewe tulimwachia fundi. Sahani amezitoa, zinang'aa kama vioo, amempa mtoto wake azichezee. Bodi iko kwa droo, imeandikwa namba kwa kalamu ya kibuyu, inasubiri mgonjwa wa modeli yake.